Mtoto wa punda kazaliwa mzima ila anazubaa, fanya hivi

Wafugaji wenzangu wa Handeni hii mnaijua, mtoto anatoka vizuri, anasimama, alafu badala ya kutafuta kiwele cha mama ake anaenda kulamba ukuta, macho yapo wazi ila mwenyewe hayupo. Hapo lazima mtu aseme kalogwa. Hajalogwa bana, mara nyingi ni homoni.

Iko hivi, tumboni kuna homoni za jamii ya projesteroni zinamlaza mtoto, maana angekuwa anarusha mateke mle ndani mama angepona kweli? Akibanwa kwenye njia ya uzazi ubongo unaambiwa amka, na homoni zinashuka ndani ya siku moja mbili. Kwa wengine hazishuki.

Vipimo vya damu vya hizo homoni ni mambo ya maabara kubwa, we kipimo chako ni saa. Lisaa limoja awe kasimama, masaa mawili ananyonya, matatu kondo la nyuma limetoka (likibaki mama ndo yuko hatarini). Kitovu kiache kikatike chenyewe, kichovye klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu.

Kikubwa ni maziwa ya kwanza. Punda hazaliwi na kinga, anaipata humo, na utumbo unaacha kuipokea kama masaa 24 hivi, kwaiyo usisubiri kesho. Hanyonyi? Mkamue mama kwenye chombo kisafi ila usimmiminie mtoto mdomoni jamani, yanaenda kwenye mapafu, muite daktari wa mifugo ampitishie mpira mwembamba puani mpaka tumboni.

Alafu kuna ya kamba, aliileta John Madigan wa chuo kikuu cha California kule Davis: kamba laini inazungushwa kifuani, unavuta taratibu, mtoto analala mwenyewe, unashikilia dakika 20 unaachia, ni kama anazaliwa upya. Mara ya kwanza daktari awepo. Na usijaribu kabisa kama anahema kwa shida au mbavu zimeumia.

Pima joto kwanza. Ikizidi 38.9 au ikiwa chini ya 37.2, au viungo vimevimba, hiyo yaweza kuwa maambukizi ya bakteria kwenye damu, nayo yanavuruga homoni hizohizo na kotisoli pia (homoni ya msongo), anazubaa vilevile, ila huyo anataka antibayotiki leo leo, kamba weka pembeni.

Akiamka atanyooka kwenye kiwele. Bado kazubaa? Kamba inarudiwa baadae, ila maziwa yaendelee kupita kwenye mpira.