Tumbo baada ya kujifungua: pima kwanza, mazoezi baadaye

Ili kujua kama misuli ya tumbo iliyoachanishwa na mimba imerudiana, lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe sakafuni. Mwezi wa sita na wa saba sakafu ya Mbeya ni baridi kama barafu, kwa hiyo tandika mkeka na blanketi. Usipimie kitandani, godoro likibonyea utapata jibu la uongo. Laza ncha za vidole viwili juu kidogo ya kitovu, kisha nyanyua kichwa taratibu. Utasikia kingo mbili za misuli zikisogeleana. Rudia kwenye kitovu na chini yake. Nafasi ikizidi vidole viwili, au katikati pakiinuka tuta kama la viazi, misuli bado imeachana. Si ugonjwa: mimba huivuta tishu ya katikati, na kwa wengi hujirudi sana ndani ya wiki nane za mwanzo.

Ndiyo maana mazoezi ya kulala na kuinuka, ambayo kila mtu huyakimbilia, yasubiri. Yanasukuma tumbo nje palepale palipo dhaifu.

Anza na pumzi, hata siku za mwanzo kama huna maumivu. Vuta hewa kwa pua, tumbo lijae. Ukiitoa kwa mdomo, bana misuli ya chini kama anayezuia mkojo, kitovu kiingie ndani. Hesabu hadi tano, legeza kabisa. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Wengi hukosea kwa kubana makalio au kuzuia pumzi.

Baada ya hudhurio la kliniki la siku ya 42 tangu kujifungua, mkunga akiridhika, ongeza kutelezesha kisigino: vaa soksi, nyoosha mguu mmoja huku ukitoa pumzi, urudishe. Mara nane kila mguu. Tuta likitokea, punguza umbali.

Aliyejifungua kwa upasuaji asibebe kitu kizito kuliko mtoto kwa wiki sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na kupanda nayo kilima hakupunguzi hata moja, achote mwingine. Kuamka, geuka ubavu kwanza, jisukume kwa mkono.

Kanga ya tumboni inashikiza tu, haizibi nafasi. Ukishindwa kuvuta pumzi nzima, umekaza mno, na shinikizo linashukia nyonga.

Damu ikiongezeka, mkojo ukivuja, mshono ukiuma au ukihisi uzito unashuka ukeni, acha na urudi kituoni. Nafasi ikiwa bado pana wiki ya 12, omba rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kabla ya kukimbia au kuruka kamba.