Kabla hujalipia tiketi ya Japani, cheki kalenda yao kwanza

Jamani mnaopanga kwenda mbali mwakani, mfano Japani, msianze na bei ya tiketi, anzeni na kalenda ya huko. Wajapani wana sikukuu za kufuatana wanaziita Golden Week, 29 Aprili mpaka 5 Mei, halafu katikati ya Agosti wana Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wahenga, watu wanarudi makwao, yani hoteli zinapanda na treni zinajaa, na wewe wa Kampala umeona nauli poa unadhani umebahatika. Maua ya sakura, yale ya miti ya cheri, pale Tokyo ni mwisho wa Machi kuingia Aprili, ukichelewa wiki mbili unakuta majani tu.

Alafu hiyo njia ya kupitia, hapa ndo hela za watu zinapotelea. Ukitoka Entebbe utabadilisha ndege Doha, Dubai au Addis, sawa, ila ukiona tiketi rahisi inapita London subiri kwanza, pasipoti ya Uganda kwa kawaida inadai viza ya kupita hata kama hutoki nje ya uwanja. Na tiketi mbili tofauti zilizoungwaungwa mi sikushauri kabisa, ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji na hela haitarudi.

Kama ni India badala ya Japani, chanjo ya homa ya manjano choma angalau siku 10 kabla, pale wanakagua kweli. Cheti siku hizi ni cha maisha, asikudanganye mtu kwamba kimeisha muda ulipie tena.