Somo la miamba: tuanze na jiwe la ukutani kwako

Asalaam aleikum wanachama.

Vitabu vya jiografia huanza somo la miamba kwa graniti na basalti. Mtoto wa Mwanza anaiona graniti akitoka tu mlangoni. Mtoto wa Jambiani au Micheweni anaikariri kwa ajili ya mtihani, kwa sababu visiwani kwetu Zanzibar miamba hiyo haijitokezi popote juu ya ardhi. Jiwe lake mwenyewe, analolikanyaga kwenda skuli na kurudi, hakuna anayemfundisha. Naliona hilo ni kosa la mpangilio, basi hapa nimegeuza: tunaanza na jiwe tulilonalo, halafu tunavuka bahari.

Vifaa ni vya nyumbani: nyundo, msumari wa chuma, kipande cha kioo, siki au ndimu, maji, na simu yenye kamera ya kukuza.

Hatua ya 1: Pata uso mpya

Jiwe lililokaa nje miaka mingi hudanganya. Mvua, jua na ukungu hulitia weusi, na jiwe la chokaa la Makunduchi likaonekana kama lava. Lipige ukingoni (vaa miwani, vipande huruka) kisha utazame pale palipovunjika tu. Okota jiwe ambalo tayari liko chini. Tumbawe hai la baharini liachwe, na kuta za magofu ziachwe.

Hatua ya 2: Tazama kabla ya kufanya jambo lolote

Lilowanishe uso mpya kidogo, upige picha ya karibu. Tafuta vitu vitatu. Je, kuna mabaki ya viumbe, kama vipande vya kombe au alama za tumbawe? Je, kuna punje zilizogandishwa pamoja, mfano wa mchanga? Au kuna fuwele zinazong'aa, zilizofumana bila kuacha nafasi kati yake? Mabaki ya viumbe na punje zilizoganda huelekeza kwenye miamba mashapo. Fuwele zilizofumana huelekeza kwenye miamba moto au miamba geu. Makundi haya matatu tutayaeleza Hatua ya 5.

Hatua ya 3: Kwaruza

Jaribu kwanza kwa ukucha, kisha msumari, mwisho jiwe lenyewe likwaruze kioo. Kipimo cha ugumu kilichowekwa na Friedrich Mohs mwaka 1812 huenda kutoka 1 hadi 10. Ukucha ni kama 2.5, madini ya chokaa ni 3, kioo ni 5.5 hivi, na kwazi, yaani madini yanayong'aa kama kioo ndani ya mchanga, ni 7. Jiwe linalokwaruzika kwa msumari na kutoa unga mweupe huenda ni la chokaa. Jiwe linaloacha mstari kwenye kioo lina kwazi au madini mengine magumu.

Hatua ya 4: Siki

Kwa Zanzibar hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Kwangua unga kidogo, udondoshee siki au ndimu. Likitoka povu, ujue ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa: asidi inaivunja na hewa ukaa inatoka. Usikimbilie kusema hakuna povu. Siki ni asidi dhaifu, sogeza sikio au kamera karibu.

Fanya na mchanga pia. Chukua mchanga mweupe wa ufukwe wa Paje na mchanga wa kujengea unaochimbwa Donge au Pangatupu, kila mmoja kwenye kisahani chake. Ule wa Paje utachemka, kwa sababu ni matumbawe, makombe na mwani wa chokaa uliosagika. Ule wa Donge kwa sehemu kubwa utakaa kimya, kwa sababu ni kwazi. Mchanga na mchanga, lakini mmoja umezaliwa baharini hapa hapa, mwingine asili yake ni milima ya bara. Tutaurudia.

Hatua ya 5: Liweke jiwe katika kundi lake

*Miamba mashapo* hutokana na vitu vilivyotulia: mchanga, udongo, tope, maganda ya viumbe. Tabaka la juu hulikandamiza la chini, maji yanayopenya huacha madini yanayogandisha punje, na mchanga ukawa jiwe la mchanga, tope likawa jiwe la tope. Hawa ndio wenyeji wetu. Visima vilivyochimbwa kutafuta mafuta Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 na 1960 vilishuka zaidi ya kilomita tatu, na huko chini bado vilikuwa ndani ya miamba mashapo.

Jiwe la matumbawe lina njia yake. Tumbawe ni mnyama mdogo laini anayetoa madini ya chokaa katika maji ya bahari na kujijengea mwili mgumu; akifa, mwingine hujenga juu yake. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto kidogo kuliko sasa, barafu nyingi iliyeyuka, na bahari ikasimama mita kadhaa juu ya usawa wa leo. Matumbawe yakakua kuifuata. Baridi iliporejea bahari ikashuka, yakabaki nchi kavu. Sehemu kubwa ya maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe, ya mashariki na kusini mwa Unguja ni miamba ya aina hiyo: unatembea juu ya bahari ya zamani. Mvua nayo haikukaa bure. Iliyeyusha chokaa hapa, ikaigandisha pale, na ndiyo maana jiwe la maweni ni gumu na wakati huohuo limejaa matundu makali yanayokata viatu.

Jiwe hilo ndilo lililojenga Mji Mkongwe. Mawe ya maweni yalipangwa kwa chokaa na udongo, kuta zikawa nene. Kwa kazi ya nakshi mafundi walikata tumbawe bichi la baharini, ambalo hukatika vizuri likiwa na maji na kukaza likikauka. Nenda msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ukatazame maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Miaka zaidi ya 900, na herufi bado zinasomeka.

Chokaa ya kujengea nayo ni somo la miamba. Jiwe la matumbawe likichomwa kwenye tanuri kufikia karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ukaa hutoka na kubaki chokaa kali isiyozimwa. Fundi huizima kwa maji, huiacha ikae, kisha huipaka. Ukutani huanza kuvuta hewa ukaa polepole, na mwishowe hurudi kuwa kalsiamu kaboneti ileile iliyoingia tanurini. Kwa hiyo plasta ya nyumba ya kale ukiitia siki itatoa povu sawa na jiwe lililo nyuma yake.

*Miamba moto* hutokana na mwamba ulioyeyuka, magma, ukapoa na kuganda. Ukipoa chini kabisa ya ardhi, taratibu, kwa maelfu ya miaka au zaidi, fuwele hupata muda wa kukua na unazitambua kwa macho: hiyo ni graniti, kama mawe makubwa ya ziwani Mwanza. Ukitoka juu na kupoa haraka, fuwele hubaki ndogo mno: hiyo ni basalti, nyeusi na nzito. Majirani zetu wa Ngazija wanaishi juu ya mwamba wa namna hiyo, chini ya mlima Karthala. Lava ya kawaida ya basalti hutoka ikiwa na nyuzi 1,000 hadi 1,200. Ile ya Ol Doinyo Lengai, huko kaskazini mwa Tanzania, hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi, kisha baada ya muda mfupi hewani hugeuka nyeupe. Hakuna volkeno hai nyingine duniani inayotoa lava ya aina hiyo.

*Miamba geu* ni mwamba wowote uliopatwa na joto na mgandamizo mkubwa ukabadilika bila kuyeyuka. Jiwe la chokaa hugeuka marumaru. Jiwe la tope hugeuka sleti, na likizidi kubanwa hugeuka shisti yenye ulanga unaometameta. Milima ya Uluguru imejaa miamba geu, na tanzanite ya Mererani, iliyotambuliwa mwaka 1967, ilizaliwa katika miamba hiyo.

Hatua ya 6: Uliza limefikaje

Sasa rudi kwenye mchanga wa Donge. Kwazi yake ilikuwa ndani ya graniti na miamba geu ya bara. Mvua iliivunjavunja milima, mito ikabeba, ikamwaga hapa tulipo zama ambazo mahali hapa palikuwa mdomo wa mto na bahari ya karibu. Punje moja ya mchanga huo imepita katika makundi mawili au yote matatu. Ukiokota graniti nzima Unguja, ujue imeletwa na mtu: kama kaburi, kama kaunta ya jikoni, au kama farumi ya chombo, kwani vyombo vya zamani vilibeba mawe kwa ajili ya uzito na kuyatupa vilipopata shehena.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nungwi: Maalim, nimeokota ufukweni jiwe la kijivu, jepesi, lina matundu madogo mengi. Nikalitia ndoo ya maji, likaelea! Ni tumbawe?

Litie siki. Kama halitoi povu, hilo ni jiwe la volkeno, pumisi. Lava yenye hewa nyingi ilipoa ghafla, matundu yakabaki yamefungika, ndiyo sababu haizami. Hii ndiyo miamba moto pekee inayoweza kuja kwetu yenyewe. Volkeno ya Krakatau ya Indonesia iliporipuka mwaka 1883, mawe yake yalielea Bahari ya Hindi yote, na mwaka uliofuata yakawa yanafika pwani ya Afrika Mashariki. La kwako siwezi kusema limetoka wapi bila kulipima, lakini lihifadhi.

Mwanachama, Wete: Huku kwetu Pemba tuna vilima na mabonde ya udongo, maweni ni ya kutafuta. Mbona hatufanani na Unguja?

Sehemu kubwa ya Pemba ni mchanga na udongo wa kale uliomwagwa na mito, wa umri wa mamilioni ya miaka, na mvua zenu nyingi zimeuchonga mabonde. Jiwe la matumbawe mnalo pembezoni na kwenye visiwa vidogo. Misali ni mfano mzuri. Tofauti nyingine iko chini ya bahari. Kati ya Unguja na bara maji ni ya kina kidogo, na bahari iliposhuka kama mita 120, kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, mtu angevuka kwa miguu. Katika pango la Kuumbi, Jambiani, wachimbuaji walikuta mifupa ya pundamilia na nyati. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, haukukauka.

Mwanachama, Makunduchi: Mapango yetu yametoboka vipi ikiwa jiwe ni gumu?

Gumu kwa nyundo, laini kwa asidi. Mvua huchukua hewa ukaa angani na zaidi udongoni, ikawa asidi dhaifu sana. Ikipita kwenye nyufa maelfu ya miaka, hutoa chokaa kidogo kidogo. Maji hayohayo ndiyo yaliyo chini ya visima vyenu, na kwa kuwa jiwe lina nyufa, uchafu wa juu hufika chini haraka bila kuchujwa. Choo kisichimbwe karibu na kisima cha maweni.

Mwanachama, Mji Mkongwe: Tulipiga plasta ya saruji nyumba ya babu. Miaka michache, inabambuka na mawe ya ndani yanamomonyoka. Fundi analaumu chumvi.

Chumvi ipo, lakini saruji imeifungia. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hupumua kupitia plasta ya chokaa. Saruji haipitishi, maji hukaa nyuma yake, chumvi hujikusanya na kupasua jiwe. Ibandueni taratibu, mwache ukuta ukauke, mrudishe chokaa iliyozimwa vizuri. Kazi ni ndefu zaidi na inadai subira, nasema wazi, lakini ukuta utapona.

Mwanachama, Chake Chake: Msio wa bibi wa kusagia liwa ni jiwe gani?

Aghlabu ni tumbawe. Mikwaruzo yake midogo ndiyo inayosaga.

Mwanachama, Malindi: Nina sakafu ya kale ya mawe meusi na meupe. Niyajaribu kwa ndimu nijue kama ni marumaru?

Si juu ya uso uliong'arishwa, dada yangu! Ndimu itaacha doa lisilotoka. Tafuta kipande kilichovunjika au ukingo uliojificha chini ya mlango, ukwangue unga hapo. Meupe yakitoa povu na ndani yakaonyesha chembe zinazometa kama sukari, ni marumaru. Meusi yasipotoa povu huenda yakawa sleti au basalti. Nitumie picha ya palipovunjika tuangalie pamoja.