Somo: Kwenda kongamano la waandishi wa vitabu vya watoto Arusha ukiwa na kitu cha kushika

Mara ya kwanza nilipohudhuria kongamano la wikendi la waandishi wa vitabu vya watoto hapa Arusha, nilibeba daftari jipya, kalamu tatu, na mswada wangu ukiwa ndani ya simu. Saa ya chai nikajikuta nyuma ya mhariri kwenye foleni ya maandazi. Akageuka: "Na wewe dada, umeleta nini?" Nikaanza kutafuta faili. Simu ikasema chaji asilimia mbili, ikazima. Tulipofika kwenye birika alikuwa ameshageukia mama mwingine, anafunua kijitabu chake huku andazi limeshikwa kwa meno.

Tangu siku ile siendi mikono mitupu. Hivi ndivyo ninavyojiandaa.

Hatua ya 1: Omba ratiba kabla hujalipa

Angalia mambo mawili tu: kama kuna nafasi ya kuonana na wahariri mmoja mmoja, na kama kuna watoto watakaokuja kusomewa. Nafasi za wahariri hujaa mapema, jiandikishe siku hiyohiyo unayolipa. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala. Mlangoni hakukosi mtu ambaye jina lake halionekani kwenye orodha, na huenda ukawa wewe.

Hatua ya 2: Shona kijitabu cha mfano

Hapa ndipo nataka mtulie.

Chukua karatasi 8 za A4, zipange, zikunje katikati kwa pamoja. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari, pitisha uzi na sindano, funga fundo. Una kurasa 32, idadi iliyozoeleka sana kwa vitabu vya picha, kwa sababu mtamboni karatasi kubwa huchapwa na kukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Hadithi yako ikiwa fupi, karatasi 4 zinakupa kurasa 16, na karatasi 6 zinakupa 24. Usije na kurasa 19. Kitabu cha kubanwa pini katikati lazima kigawanyike kwa nne, na mhariri akihesabu mara moja anajua hujawahi kukikunja.

Ukurasa wa kwanza andika jina la kitabu. Wa pili uache kwa mambo ya hakimiliki na ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Hadithi ianze wa tatu, upande wa kulia. Sasa cheza na mfunuo. Jambo la kumfanya mtoto ashike pumzi liishie chini ya ukurasa wa kulia, na jibu alikute akifunua. "Bibi akainua kifuniko cha chungu, na mle ndani..." Funua. Kinyonga amelala juu ya ndizi. Kwenye simu raha hiyo haipo, kwa sababu kidole kinateleza tu.

Kikishakamilika, wasomee watoto watatu wa jirani. Wa kwako waache, hao wanakupenda. Keti nao chini, soma, na penseli iwe mkononi. Mahali watakapoanza kuchezea kandambili zao, tia alama palepale. Mimi nilikuwa na mistari mitatu ya Mlima Meru kunapopambazuka, mistari niliyoipenda kuliko chochote kwenye kitabu. Nilipoifikia, watoto wote watatu waligeuka kumtazama kuku. Nikaifuta. Mlima si utachorwa? Wa nini tena kuusimulia?

Shona nakala mbili. Moja itachukuliwa na mtu, usiione tena, na hiyo ni heri.

Hatua ya 3: Safari

Kutoka Moshi ni kilomita 80 hivi, lakini panga saa mbili. Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, na ukichelewa mtasubiri hapo pamoja na mikungu ya ndizi. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wanaotoka Dar au Tanga, fikeni Ijumaa. Na jamani, sweta! Juni na Julai Arusha ina baridi ya kweli, na kumbi zetu hazina joto.

Hatua ya 4: Jumamosi

Kabla hujampa mtu kijitabu, jua ni nani. Mchapishaji na mpiga chapa si mtu mmoja, na wote wawili huja na meza na tabasamu. Mchapishaji akiupenda mswada, anagharamia yeye uhariri, michoro na uchapaji, kisha anakulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Mpiga chapa unamlipa wewe, anakukabidhi maboksi, na kuuza ni kazi yako. Hakuna ubaya kwa yeyote kati yao. Ubaya ni kulipa mamilioni ukidhani umepata mchapishaji. Muulize waziwazi, "Gharama ni za nani?" Akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

Kwenye maswali ya ukumbini uliza moja, fupi, bila historia ya maisha yako. (Tunajuana.)

Hatua ya 5: Jumapili

Asubuhi nusu ya watu wako ibadani, kwa hiyo walio ukumbini wana nafasi ya kuongea. Mimi hupenda muda huo kuliko yote. Watoto wakija kusomewa, soma kwa sauti yako ya kawaida. Ile sauti nyembamba ya kuigiza inawachosha haraka. Ukitaka picha, omba ruhusa kwa mzazi au mwalimu kwanza, au piga mikono yao ikiwa imeshika kitabu, sura ziache.

Hatua ya 6: Jumatatu

Waandikie watu watatu uliozungumza nao. Kila mmoja mkumbushe jambo moja mlilosema. Basi.

MASWALI YA WANACHAMA

*Babati: Mimi kuchora sijui kabisa. Kijitabu nitakifanyaje?*

Chora watu wa vijiti, au andika kwenye kisanduku "hapa mbuzi yuko juu ya paa". Mchapishaji mara nyingi humtafuta mchoraji mwenyewe. Ila usibandike michoro ya mtu bila makubaliano ya maandishi, kwani hakimiliki ya mchoro ni ya aliyechora.

*Moshi: Shikamoo dada. Nikiwaonyesha, hawataniibia hadithi?*

Marahaba mdogo wangu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi inalindwa tangu unapoiandika, na ulinzi unaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kupata ushahidi. Wazo tupu halilindwi, kwa hiyo kinyonga ndani ya chungu anaweza kuandikwa na yeyote. Maneno yako ndiyo yako. Binafsi nimeona miswada mingi iliyofia kabatini kuliko iliyoibwa.

*Tanga: Lazima niwe na ISBN kabla ya kuja?*

Hapana. Ukichapishwa na mchapishaji, yeye ndiye huishughulikia. Ukijichapishia, unaomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukitoa kitabu hichohicho kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila kimoja kina namba yake.

*Usa River: Nina mtoto wa miezi saba, ananyonya. Nije naye au nisubiri mwakani?*

Njoo naye mama. Kaa viti vya karibu na mlango, na kijitabu weka juu kabisa ya mkoba wa nepi, usikichimbie chini.