Somo: jinsi tulivyosoma CCNA kikundi mpaka tukapita (maswali ya wadau yako chini)

Wakuu habari za jioni. Watu wamenifuata sana kuniuliza nilisomaje CCNA (cheti cha Cisco cha mitandao ya kompyuta), na wanaonijua wanajua mara ya kwanza nilipigwa chini, basi naandika hapa mara moja nipumzike kurudia rudia.

Mtihani wenyewe namba yake ni 200-301. Dakika 120, ada dola 300 ambayo kwa hela yetu ni zaidi ya laki saba, na ukishajibu swali ukasonga mbele hakuna kurudi nyuma. Hilo la kutorudi ndo liliniua mimi, niling'ang'ania swali moja la ruta kama vile nikiliacha litanifuata nyumbani, huku mwisho nikawa nabofya tu majibu kama mtu anayefukuzwa na mgambo.

Ila nisisingizie muda. Nilisoma peke yangu miezi 6, video kila usiku, daftari mbili zimejaa, na kila nikimsikiliza mwalimu wa kwenye video natikisa kichwa naona nimeelewa. Kumbe nilikuwa nakitambua kitu nikikiona, kukitoa kichwani mwenyewe siwezi. Mara ya pili tulikuwa wanne.

HATUA YA 1: Tafuta watu 3 au 4, wakizidi watano hicho ni kijiwe cha kahawa. Na msiwe wote sampuli moja. Sisi tulikuwa na jamaa fundi wa kuvuta kebo Kariakoo, nadharia sifuri, lakini ukimwambia taa ya swichi haiwaki anakupa sababu tatu kabla hujamaliza sentensi.

HATUA YA 2: Gawaneni mada kwa uzito wake. Mtihani una sehemu 6 na hazilingani: mambo ya kupeleka pakiti toka mtandao mmoja kwenda mwingine (ruta, njia, na OSPF ambayo ruta zinatumia kuambiana njia) ni asilimia 25, misingi 20, swichi na VLAN (kuigawa swichi moja iwe kama mitandao tofauti) na wayalesi 20, usalama 15, huduma kama DHCP (kugawa anwani) na NAT (kubadilisha anwani) 10, otomesheni 10. Kila mtu achukue mada ya wiki aje kuifundisha wenzake kwa Kiswahili, bila kusoma popote. Kwa Kiswahili nasisitiza, maana kwa Kiingereza mtu anaweza kukariri sentensi ya kitabu akaitema yote na asijue amesema nini. Ukisema "swichi zinapiga kura nani awe mkubwa, mwenye namba ndogo ndo anashinda, zikilingana tunaangalia MAC (anwani ya kiwandani) ndogo" hapo huwezi kudanganya, umeelewa STP (inayozuia pakiti kuzunguka bila mwisho kati ya swichi) au hujaelewa.

HATUA YA 3: Sabneti (kuugawa mtandao vipande vidogo) kila siku, maswali 10 kabla ya chai, mtu mmoja anatupia kwenye grupu la WhatsApp wengine wanajibu bila kikokotozi. Mfano 192.168.10.77/26. /26 maski yake 255.255.255.192, chukua 256 toa 192 unapata 64, kwa hiyo mitandao inaruka 0, 64, 128, 192. 77 iko kwenye nyumba ya 64. Hosti (kifaa) wa kwanza 65, wa mwisho 126, brodikasti (anwani ya kuwatangazia wote) 127. Mwanzo ilinichukua dakika nzima, mwishoni sekunde kumi na kitu.

HATUA YA 4: Hii ndo siri yenyewe. Tuliita kuharibiana. Mnatengeneza labu (mtandao wa mazoezi) inayofanya kazi vizuri kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, halafu mmoja anaondoka nayo, anaharibu kitu kimoja au viwili, anairudisha kwenye grupu na malalamiko tu kama ya mteja: "watu wa uhasibu hawana mtandao tangu asubuhi." Haambii mtu chochote zaidi.

Ya kwanza aliyotuletea yule fundi wa Kariakoo ilitutoa jasho saa nzima. VLAN 10 imekufa, VLAN 20 inadunda. Tukakagua ruta, anwani, geti la kutokea, kote safi. Mwisho dada mmoja kwenye kikundi akapiga `show interfaces trunk` pande zote mbili, upande mmoja tranki (njia inayobeba VLAN nyingi kati ya swichi) inapitisha 20 peke yake. Jamaa alikuwa ameandika `switchport trunk allowed vlan 20` bila neno `add`, na ukiandika hivyo hauongezi, unafuta orodha ya zamani yote unabakiza hiyo moja. Nilicheka kinafiki kwa sababu mimi niliwahi kufanya kosa hilo hilo kwa mteja, ofisi nzima ikazima nikamwambia ni umeme.

Baada ya hapo kila mtu akawa mchawi. Mmoja anabadilisha muda wa hello (salamu za ruta kwa ruta) ya OSPF upande mmoja majirani wasijuane, mwingine anageuza maski, mwingine anaweka `passive-interface` (inayoizuia ruta kusalimiana na jirani hapo) pasipotakiwa. Hatukuambiana mtu asome makosa, tuliyajua kwa maumivu.

HATUA YA 5: Lipia tarehe kabla hujajiona uko tayari. Jina kwenye usajili lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu sina laptopu, nina simu tu, nitaweza?
Jibu: Kusoma na sabneti simu inatosha kabisa. Labu hapana, azima mashine hata siku mbili kwa wiki, Packet Tracer ni ya bure na yenye RAM 4 GB inaenda.

Swali: Kaka samahani, 172.16.45.10/20 mimi napata mtandao 172.16.45.0, kwa nini naambiwa nimekosa?
Jibu: Dada umeifanya kama /24. /20 maski yake 255.255.240.0, 256 toa 240 ni 16, na kinachoruka ni namba ya tatu: 0, 16, 32, 48. 45 iko kati ya 32 na 48, kwa hiyo mtandao ni 172.16.32.0, brodikasti 172.16.47.255.

Swali: OSPF ina AD (namba ya kuaminika kwa njia) 110, RIP ambayo nayo ni ya kuambiana njia ina 120, ndogo inashinda. Mbona labu yangu pakiti ya 10.1.1.200 inapita RIP?
Jibu: Angalia urefu wa maski ya njia. Naamini OSPF imekuletea 10.1.1.0/24 na RIP imekuletea 10.1.1.128/25. Ruta inachagua kwanza njia iliyo mahususi zaidi. AD inaulizwa pale njia mbili zina mtandao na maski ile ile.

Swali: Wenzangu hawatokei, kila siku udhuru.
Jibu: Sisi asiyekuja alituma salio la bando kwa waliokuja. Mmoja alitoka kikundini kwa hasira, tukabaki watatu, siku mbili akarudi na bando la wote.

Swali: Mkuu tupia dampu (maswali ya mtihani yaliyovuja) basi hata inbox.
Jibu: Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa, wakikukamata cheti wanakifuta. Nitumie labu yako niiharibu.