Kanda yako NationStates haipigi kura? Anzia hapa

Kama unacheza NationStates, gemu ya mtandaoni ambayo kila mchezaji anaendesha nchi yake ya kubuni na nchi zinakaa pamoja kwenye kanda, hii hali unaijua: kanda ina nchi kibao, uchaguzi unatangazwa, af kura zinazoingia ni za watu walewale kila msimu. Gemu ipo tangu 2002, Max Barry ndo aliitengeneza, na yenyewe haikulazimishi uwe na bunge wala vyama, hivyo vyote wachezaji wanajiundia, ndo maana visipotunzwa vinakufa kimyakimya. Mi siasa za kanda ndo napenda kuliko kitu chochote humo, na inaniuma sana kuona chama kizuri kimebaki jina tu.

Kwanza hesabu watu, usihesabu nchi. Mtu mmoja anaweza kuwa na nchi hata ishirini, ila kwenye World Assembly (WA), lile baraza la nchi zote kama UN ya humo ndani, anaingiza moja tu. Chukulia kanda ina nchi 200, zilizo WA ni 60, waliopiga kura 15: ukigawa kwa 200 utakata tamaa bure, ukigawa kwa 60 ni robo, na robo ni pa kuanzia. Daftari la chama nalo liwe hivyohivyo, kila mwanachama na nchi yake ya WA, la sivyo kuna mtu atakujazia wanachama kumi ambao wote ni yeye, siku ya kura za ndani anaondoka na chama.

Telegramu sasa, yaani zile meseji za ndani ya gemu, hapa ndo wengi wanachemka. Nchi mpya ikizaliwa tu inafurika telegramu za kuitwa huku na kule, zote zinafanana, mtu anafuta bila kusoma. Andika fupi na uulize kitu kinachojibika, mfano: "Karibu sana. Wiki hii tunabishana kama tufunge ubalozi na majirani wetu, chama chetu kinasema ubaki. Wewe ungepigia upande gani?" Basi, usiweke linki tano wala historia ya chama. Akijibu hata kwa kukupinga ushampata, mjibu siku hiyohiyo.

Akishajiunga mpe kazi haraka, siku mbili tatu zisipite. Awe anakaribisha wageni kwenye ubao wa kanda, au anaandika matokeo. Mjumbe wa kanda, yule Delegate, akiwa na mamlaka hayo kwenye kanda, anaweza kuteua maofisa hadi 12, huyu mawasiliano, yule kura za maoni, mwingine balozi, sasa kwa nini mtu mmoja akalie vyote? Mwenye kazi anaingia kila siku. Asiye na kazi anapotea, na nchi ikikaa siku 28 bila mwenyewe kuingia inafutika, labda awe amewasha likizo, hapo anapata mpaka 60.

Halafu vyama vitofautiane kweli jamani. Vyama vinne vyote vinasema "tunataka kanda iliyochangamka", mpiga kura achague nini hapo? Tafuteni swali linalogawa watu, kwa mfano Mjumbe atoke kwenye uchaguzi au abaki yeyote mwenye endosi nyingi, yaani aliyeungwa mkono na nchi nyingi? Hili lina uzito maana gemu haijui katiba yenu, anayeendosiwa na nchi nyingi za WA kwenye kanda ndo Mjumbe, kwa hiyo mkichagua mtu halafu hamwendi kumwendosi, kura zenu zimebaki za makaratasi. Chama chenye wanachama hai kinapita nchi kwa nchi kuomba endosi za mshindi, na hapo kila mtu anaona uanachama una faida gani.

Siku za kupiga kura ziwe tatu au zaidi. Usifunge saa ambayo wa Marekani ndo wako macho peke yao, sisi huku ni alfajiri. Andika 18:00 GMT na chini yake saa 3 usiku Dar na Nairobi. Kura ya maoni ya ndani ya gemu inaonyesha nani kapigia nini, kwa hiyo itumie kwa hoja tu, viongozi wachaguliwe kwa siri, watu wanaogopa kuonekana wamemnyima rafiki yao. Kumbusho tuma moja, siku moja kabla ya kufunga, kwa ambao hawajapiga tu.

Matokeo yakitoka mfuate aliyeshindwa siku hiyohiyo umpe nafasi ya kufanya kazi, balozi au wageni, chochote cha maana, maana ana watu wake na akiondoka anaondoka nao.