Somo: Jiko la lishe la jumuiya, tulivyoanza sisi Pasua

Wapendwa, wengi mmeniomba nieleze jiko letu la lishe hapa Pasua, Moshi, lilivyoanza, yaani mahali akina mama wanapopika pamoja chakula cha watoto waliodhoofu. Naandika tulivyofanya, na tulipokosea pia.

Hatua ya 1: siku na mahali. Tulianza Jumamosi, kwenye uwanja wa kanisa. Majirani Wasabato wakawa ibadani, na akina mama Waislamu wakasita kuingia getini. Tukahamia Jumatano saa nne asubuhi, uani kwenye nyumba moja ya wapangaji yenye bomba. Wakaja. Kabla ya yote muoneni mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya wa jamii, maana yeye ndiye anayejua mlango gani una mtoto aliyedhoofu.

Hatua ya 2: kupima. Utepe wa mkono, ule wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu kuona kama mtoto amekonda, ni kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Sentimita 12.5 kwenda juu ni kijani, chini ya hapo hadi 11.5 ni njano, chini ya 11.5 ni nyekundu. Mtoto mwenye nyekundu, au aliyevimba miguu yote miwili na ukibonyeza kwa dole gumba shimo linabaki, huyo si wa sufuria yenu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, na mmoja wenu amsindikize mama. Tengeni nauli kabisa.

Hatua ya 3, na hapa naomba mnisikilize sana: msigawe unga. Sisi tuligawa pakiti za unga wa lishe, nafaka sita na karanga humohumo. Nyumbani uji ukanywewa na watoto wote, kilo ikaisha siku tatu, na yule mdogo mkono wake ukabaki palepale. Tena karanga zilisagwa mbichi, unga ukachacha. Na karanga au mahindi yakikaa na unyevu huingia sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Tukaacha.

Sasa kila mama anakuja na kitu cha kwake: ndizi mbili, fungu la mchicha, maharage ya jana. Jumuiya inaongeza dagaa, mafuta na mkaa, basi. Alichopika hapa, kesho anakirudia kwake.

Dagaa tunanunua Mbuyuni. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mpaka usione mchanga chini ya beseni, anika, kaanga bila mafuta hadi wavunjike ukiwabana, twanga, chekecha. Kijiko kimoja cha chakula kwenye bakuli la ndizi zilizopondwa, na mafuta kijiko cha chai. Bibi mmoja alituapia mjukuu wake hali samaki. Mtoto alipolamba bakuli mpaka chini, bibi akaomba kinu atwange mwenyewe.

Hatua ya 4: daftari. Anayeshika fedha asiwe anayekwenda sokoni.

MASWALI

Bwana Yesu asifiwe, mama. Niko Unga Limited, Arusha. Huku makande tunalainisha kwa magadi. Watoto wapewe?
– Amina, mwanangu. Usiwape. Magadi yana floridi, na maji ya Arusha sehemu nyingi yanayo tayari. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia na, ikizidi, kupinda mifupa. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale.

Shikamoo mama. Wifi yangu ana mtoto wa miezi 4, bibi anataka aanzishiwe uji.
– Marahaba. Maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi 6, hata maji asipewe. Lakini msibishane na bibi, mleteni jikoni. Mama akienda kwenye biashara, bibi ndiye anayebaki na mtoto.

Asalaam aleikum dada. Ramadhani mnafunga jiko?
– Waaleikum salaam. Hatufungi, watoto hawana saumu. Dada zetu waliofunga wanapika kama kawaida, ila kuonja chumvi tunaonja sisi wengine.